Je, Wajua? Jack Russell: Umbo Dogo, Moyo wa Mwindaji

Ni mweupe mwenye mabaka ya kahawia au meusi, masikio yamekunjika kwa mbele, na kimo chake hakifiki goti la mtu mzima. Wengi humnunua kwa sababu ni mdogo na anapendeza machoni. Kumbe udogo huo ulitafutwa kwa makusudi, ili aweze kuingia shimoni na kumkabili mnyama wa mwitu gizani. Raha na kero zake zote zimetoka kwenye kazi hiyo. Soma haya kabla hujatoa pesa yako.

ALIKOTOKA

Je, wajua kwamba mbwa huyu ana jina la kasisi? John Russell alizaliwa mwaka 1795 mjini Dartmouth, katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa kasisi wa Anglikana katika kijiji cha Swimbridge kwa zaidi ya miaka 40, na muda wote huo alikuwa mwindaji hodari wa mbweha. Alifariki mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka 87. Baa ya kijiji hicho inaitwa The Jack Russell hadi leo.

Je, wajua kwamba ukoo huu unahesabiwa tangu mbwa jike mmoja? Mwaka 1819, Russell akiwa bado mwanafunzi huko Oxford, alikutana na muuza maziwa aliyekuwa na mbwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia machoni, masikioni na kwenye shina la mkia. Akampenda, akamnunua papo hapo. Mbwa huyo aliitwa Trump, na ndiye anayetajwa kuwa mama wa kizazi chote.

Je, wajua kwa nini ni mweupe? Wawindaji walitaka mbwa ambaye kundi la mbwa wakubwa halitamkosea likadhani ni mbweha. Mbweha wa Uingereza ana rangi ya kahawia nyekundu. Mbwa wa rangi hiyo akichomoza shimoni ghafla, angeweza kuraruliwa na wenzake.

Wajua kifua chake hupimwaje? Hupimwa kwa mikono mitupu. Mwamuzi wa mashindano humwinua kidogo miguu ya mbele, kisha huzungusha viganja vyake nyuma ya mabega ya mbwa. Vidole gumba vikutane juu ya mgongo, na vidole vingine vikutane chini ya kifua. Visipokutana, mbwa huyo ni mnene mno kwa shimo la mbweha. Kanuni za kimataifa zinataka mzingo wa kifua uwe kati ya sentimita 40 na 43.

Je, wajua kwamba ukoo huu una ndugu wawili? Parson Russell ana miguu mirefu, na kimo chake ni takribani sentimita 33 hadi 36. Jack Russell mwenyewe ni mfupi, sentimita 25 hadi 30, na uzito wake hukadiriwa kilo 1 kwa kila sentimita 5 za kimo. Kwa hiyo mwenye sentimita 25 atakuwa na kilo 5, na mwenye sentimita 30 kilo 6.

Na je, wajua kwamba Waingereza wenyewe walichelewa kumsajili? Mbwa ni wa kwao, lakini Australia ndiyo iliyomlea na kumpa umbo la kudumu, na kanuni za kimataifa zinaitambua hivyo. Kennel Club ya Uingereza, chama ambacho Kasisi Russell alikuwa mmoja wa waasisi wake mwaka 1873, ilimsajili Jack Russell kama aina kamili mwaka 2016 tu. Wafugaji wengi walikuwa wakipinga. Walihofia kwamba mashindano ya urembo yangeua ari ya kazi.

MAZURI YAKE

Je, wajua kwamba huishi muda mrefu? Mwaka 2022, watafiti wa chuo cha tiba ya wanyama cha Royal Veterinary College cha London walichapisha hesabu za mbwa 30,563 waliokufa nchini Uingereza. Kati ya aina 18 walizozilinganisha, Jack Russell ndiye aliyeongoza kwa matarajio ya kuishi miaka 12.72 tangu kuzaliwa. Bulldog wa Kifaransa, mwenye pua fupi anayependwa sana mijini, alishika mkia kwa miaka 4.53. Pua ya Jack Russell ni ndefu na hupumua vizuri, na mwili wake haukuharibiwa kwa ajili ya sura.

Je, wajua kwamba panya hapati nafasi mbele yake? Mtazame akiwa kazini. Husimama kimya, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, masikio yameelekea kwenye rundo la mbao. Panya akichomoka, humdaka shingoni, humtikisa mara mbili tatu kwa nguvu, humwachia, na tayari anatazama pengine. Ni kufumba na kufumbua. Hachezi na windo kama paka. Kwenye ghala la mahindi au banda la kuku wa kisasa, msaada wake ni mkubwa.

Wajua kwamba ni kengele ya nyumba? Hawezi kumwangusha mwizi, ila atakuwa wa kwanza kumsikia. Mlinzi aliyesinzia huamka, na mbwa wakubwa wa jirani huitikia.

Je, wajua kwamba gharama yake ya chakula ni ndogo? Mwili wa kilo 6 hauli kama wa German Shepherd wa kilo 30. Dawa nyingi za minyoo na za kupe hupimwa kwa uzito, kwa hiyo hapo pia unaokoa pesa. Kumwogesha ni kazi ya beseni moja.

Je, wajua kwamba mmoja wao aliacha alama za nyayo Hollywood? Aliitwa Uggie, na aliigiza katika filamu ya The Artist ya mwaka 2011. Mwaka uliofuata alikuwa mbwa wa kwanza kuweka nyayo zake kwenye saruji mbele ya ukumbi wa Grauman's Chinese Theatre, Los Angeles. Mwenzake Moose aliigiza kama Eddie katika tamthilia ya Frasier, na alipozeeka mwanawe, Enzo, akapokea kijiti. Mbwa hawa hujifunza upesi na hufurahia kufundishwa.

Je, wajua kwamba mmoja amefika ncha zote mbili za dunia? Bothie alikuwa mbwa wa mvumbuzi Ranulph Fiennes na mkewe Ginny katika safari ya Transglobe ya mwaka 1979 hadi 1982. Alifika Ncha ya Kusini, kisha Ncha ya Kaskazini. Mbwa walipigwa marufuku Antaktika mwaka 1994, kwa hiyo hakuna atakayemfuata.

Na je, wajua kwamba Jack Russell wa New Zealand na panya wa Morogoro wana nishani moja? Mwaka 2007, George, mbwa mzee mwenye matatizo ya moyo, aliwakinga watoto watano dhidi ya mbwa wawili aina ya pit bull katika mji wa Manaia. Watoto walipona, yeye akafa kwa majeraha. Mwaka 2009 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku Nishani ya Dhahabu. Nishani hiyohiyo ilivaliwa mwaka 2020 na Magawa, panya buku aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, kwa kazi ya kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia.

Wajua kwamba Jack Russell naye hunusa mabomu? Patron, wa kikosi cha uokoaji cha Chernihiv nchini Ukraine, alitunukiwa medali na Rais Volodymyr Zelensky mwezi Mei 2022. Mwezi Novemba mwaka huohuo UNICEF ilimpa cheo cha mbwa balozi wa hisani. Kazi yake kubwa leo ni kuwafundisha watoto wasiguse vitu wasivyovijua.

MAGUMU YAKE

Je, wajua kwamba kubweka kwake ni urithi? Kazi yake shimoni ilikuwa kumtoa mbweha nje, au kumzuia palepale huku akibweka mfululizo ili watu walio juu wajue pa kuchimba. Mbwa aliyenyamaza chini ya ardhi alikuwa hasara, kwa hiyo waliochaguliwa kuzaa walikuwa wapiga kelele. Usishangae leo akimbwekea bodaboda, kengele ya mlangoni na kunguru kwenye paa. Kwenye nyumba za kupanga zenye ukuta mmoja, ugomvi na majirani uko karibu.

Je, wajua kwamba mbwa maarufu kuliko wote katika historia ya muziki aling'ata watu? Ni Nipper, mwenye damu ya teria, jamii ileile ya Jack Russell, aliyezaliwa Bristol mwaka 1884. Alipewa jina hilo kwa sababu aliwang'ata wageni miguuni kwa nyuma. Mchoraji Francis Barraud alimchora akisikiliza santuri, na picha hiyo ikawa nembo ya kampuni ya muziki ya His Master's Voice. Sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, zilitolewa na kampuni hiyohiyo ya mbwa na santuri.

Je, wajua kwamba hapatani na mbwa asiowajua? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza wafugaji kuhusu tabia za mbwa wao. Zaidi ya asilimia 20 ya Jack Russell waliripotiwa kuwa na ukali mkubwa kwa mbwa wageni, wakawekwa fungu moja na Akita na pit bull. Tatizo ni kwamba hajui kimo chake. Atamrukia mbwa mwenye uzito mara tano ya wake, na atakayeumia ni yeye.

Wajua kuhusu kuku wako? Kifaranga, sungura, simbilisi na paka wa jirani wote ni windo machoni pake. Akilelewa na paka tangu udogoni anaweza kumzoea huyo mmoja. Hilo halimfanyi awazoee paka wengine. Anayefuga kuku wa kienyeji wanaozurura uani na afikiri mara mbili.

Je, wajua kwamba uzio wa michongoma si kitu kwake? Hupita palipo na upenyo wa kichwa chake, huchimba chini ya wavu, na ukuta mfupi huuruka. Wenye uzoefu hufukia wavu ardhini na kuziba nafasi iliyo chini ya geti. Shambani, shimo la nungunungu humvuta aingie, na hutoka na miiba usoni. Wengine hunasa humohumo wasitoke tena.

Je, wajua kwamba nyoka ni hatari kubwa kwake? Mbwa wengi hurudi nyuma wakimwona nyoka. Huyu husogea mbele. Kifutu hulala tuli kisha hugonga ghafla, na swila hutema sumu machoni. Sumu ikiingia jichoni, mwoshe mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda kwa daktari wa mifugo. Akigongwa, mbebe, usimwache atembee.

Na je, wajua kwamba panya aliyemuua anaweza kumlipiza? Panya aliyekula sumu huibeba mwilini, na mbwa akimla hupata sumu ileile. Chagua moja, mbwa au sumu ya panya. Mkojo wa panya nao hueneza leptospirosisi, ugonjwa uliotangazwa Tanzania mwezi Julai 2022 kwa jina la homa ya mgunda baada ya watu kuugua mkoani Lindi. Mbwa huupata, na anaweza kumwambukiza binadamu kupitia mkojo wake. Ipo chanjo ya mbwa. Mwindaji wa panya asiikose.

Je, wajua kwamba jua letu humwumiza? Ngozi iliyo chini ya manyoya meupe haina rangi ya kuikinga, hasa tumboni na puani. Akizoea kulala chali juani mwaka baada ya mwaka, ngozi huungua na inaweza kupata saratani. Mpe kivuli, na mtembeze asubuhi au jioni.

Wajua magonjwa ya ukoo wake? Lenzi ya jicho inaweza kuchomoka mahali pake akiwa mtu mzima, jicho likawa jekundu, likauma na kupofuka kwa muda mfupi. Pia ya goti huteguka, na utamwona akikimbia kwa miguu mitatu hatua chache kisha akiendelea kama kawaida. Wengine huzaliwa viziwi, jambo linaloendana na weupe. Wengine huanza kuyumba wangali wadogo kwa hitilafu ya ubongo. Tatizo la lenzi na aina mojawapo ya kuyumba huku hugunduliwa kwa kipimo cha vinasaba vya wazazi. Mwuzaji mwaminifu hataudhika ukimwuliza.

Je, wajua kwamba hata nyota wa filamu walikataliwa nyumbani? Kabla ya kuwa Eddie, Moose alitolewa na wenye nyumba waliomshindwa. Alitafuna vitu, alichimba, alibweka na kukimbiza paka. Uggie naye alikataliwa kwa ukorofi kabla mfunzaji hajamchukua. Mbwa ni walewale. Walichokipata kwa wafunzaji wao ni kazi, na kazi ndiyo iliyokosekana nyumba ya kwanza.

KABLA HUJAMCHUKUA

Je, wajua kwamba klabu ya wafugaji wa mbwa hawa nchini Marekani huwaonya wanunuzi? Haishauri familia yenye mtoto aliye chini ya miaka 6 imchukue. Mbwa huyu havumilii kuvutwa mkia wala kunyang'anywa chakula, na mtoto mdogo hajui mpaka uko wapi.

Wajua anahitaji muda gani? Takribani saa moja ya mwendo na michezo kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, pamoja na vipindi vifupi vya mafunzo. Mfichie chakula akitafute kwa pua. Mrushie mpira. Mfundishe kuja akiitwa akiwa bado mdogo, kwani samaki mkunje angali mbichi. Nje ya geti, usimfungue kamba. Akishanusa windo, hasikii jina lake.

Je, wajua kwamba kumfunga mnyororo mchana kutwa ni kumharibu? Nguvu aliyonayo isipotumika hugeuka kelele, ukali na kujilamba mpaka vidonda. Ikiwa nyote mnatoka alfajiri na kurudi usiku, huyu si mbwa wenu.

Wajua heshima kwa wageni? Jack Russell hupenda kumrukia mtu na kumlamba. Wapo majirani na wageni Waislamu wanaochunga twahara yao, na wapo wanaoogopa mbwa tu. Mfundishe kukaa chini mtu anapoingia, au mweke chumba kingine kabla hujafungua mlango. Ujirani mwema ni jukumu la mwenye mbwa.

Je, wajua kwamba karibu vifo vyote vya watu kwa kichaa cha mbwa hutokana na kung'atwa na mbwa? Shirika la Afya Duniani linataja asilimia 99. Mchanje mbwa wako akifikisha miezi 3, kisha fuata ratiba ya daktari. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra mno.

Na je, wajua kwamba Malkia Camilla wa Uingereza hakununua Jack Russell wake dukani? Beth na Bluebell walitoka Battersea, kituo cha London kilichoanzishwa mwaka 1860, kinachopokea mbwa na paka walioachwa. Wengi wa mbwa wanaofikishwa vituoni hawana kosa. Walichukuliwa na watu waliotazama sura wasiulize kazi.

HUKUMU YETU

Kwa mwenye uwanja, ghala, miguu ya kutembea na moyo wa kufundisha, Jack Russell ni rafiki jasiri, mwerevu na wa kudumu. Kwa anayetaka mbwa mtulivu wa kukaa sebuleni, ni mateso kwa wote wawili, na mbwa mwingine wa kawaida wa mtaani aliyechanjwa na kupendwa atamfaa zaidi.

Kwa hiyo usinunue kwa picha. Nenda ukamwone mama wa mtoto wa mbwa unayemtaka, tazama tabia yake, uliza kipimo cha macho, kisha rudi nyumbani ukahesabu saa zako za siku. Mbwa huyu atakuwa nawe miaka 12 au zaidi. Kama huwezi kumpa saa moja kila siku kwa miaka hiyo yote, mwachie anayeweza.